Kumpokea Nyumbani Mzee Asiye wa Ukoo Wetu

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetupa kazi ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo kila mwaka hutajwa katika taarifa yetu kwa mistari michache, kisha likapitwa. Nalo ni hali ya wazee, na ya watu wazima wenye ulemavu, ambao hawana jamaa wa kukaa nao, au wanao lakini hawawezi kukaa nao kwa salama. Twataka kuuliza kama yafaa watu hao wapokelewe katika nyumba za watu wasio wa ukoo wao, nyumba za kawaida kama zetu sisi; na kama yafaa, ni kwa masharti gani. Mwisho wa maneno haya tutauomba mkutano uamue, kwa hiyo twawasihi mtusikilize kwa saburi.

Vyama vya ustawi vya mijini katika Kenya vilishughulika sana, tangu zamani, na shida za kifo. Watu waliotoka mashambani kuja kufanya kazi Nairobi, Mombasa na kwingineko walichanga pesa ili mwenzao akifa asizikwe kama mtu asiye na watu, na ili maiti yake ifike kwao. Desturi hiyo ni njema, nayo ingalipo. Lakini ikiwa mchango wa kumsafirisha marehemu hupatikana kwa siku chache, mbona mchango wa kumpatia aliye hai kitanda hauna hata ukurasa wake katika daftari? Mzee hawahitaji wenzake siku ya jeneza tu. Huwahitaji zaidi alfajiri, anapotafuta mkono wa kumshika aende msalani.

Ni nani hasa tunaowasema? Yuko mtu aliyefanya kazi mjini maisha yake yote, akazeeka bila shamba wala mtoto, na huko alikotoka hakuna tena amjuaye. Yuko mjane aliyeondolewa katika kiwanja cha mumewe. Yuko mtu wa miaka 40 aliyezaliwa na upungufu wa akili, ambaye mama yake alimtunza vyema mpaka siku alipofariki, na sasa ndugu wanaulizana nani atamchukua. Yuko aliyepooza baada ya ajali, ambaye chumba chake kina ngazi asizoweza kuzipanda. Tena wako wazee wa pande za Kilifi waliokimbia makwao kwa kusingiziwa uchawi kwa sababu ya mvi zao, na wenzao wengine wakauawa. Baadhi ya waliookoka wamepata hifadhi Kaya Godoma, katika Ganze. Kwa mzee wa namna hii, kumwambia arudi kwa jamaa zake ni kumrudisha kwenye hatari ileile aliyoikimbia.

Wengi wetu tunaposikia habari hizi hufikiri mara moja juu ya nyumba kubwa ya kutunzia wazee. Hatusemi neno baya juu ya nyumba hizo. Masista wanaoendesha Nyumba ya Wazee huko Kasarani, Nairobi, ni wa shirika lililoanzishwa Ufaransa na mwanamke aitwaye Jeanne Jugan. Mwaka 1839 Jeanne Jugan hakuwa na jengo. Alikuwa na makao madogo ya kupanga na kitanda chake. Alimchukua nyumbani kwake bibi mzee aliyekuwa kipofu, akampa kitanda hicho, na yeye mwenyewe akalala darini. Basi hata nyumba kubwa mwanzo wake ulikuwa mlango wa mtu mmoja uliofunguliwa. Lakini nyumba kubwa ni chache, gharama yake ni nzito, na si kila mzee apendaye kula kwa kengele. Wako ambao kinachowafaa zaidi ni jiko lenye moshi wake, watoto wanaopiga kelele, na jirani anayewaita kwa jina.

Mji unaojulikana sana kwa jambo hili ni Geel, katika Ubelgiji. Tangu zama za kati mahujaji walikuwa wakienda huko kuomba katika kanisa la Mtakatifu Dymphna, wakiwapeleka jamaa zao walioshikwa na maradhi ya akili. Palikuwa na chumba cha wagonjwa kando ya kanisa. Kilipojaa, wenyeji waliombwa wawapokee wagonjwa majumbani mwao. Wengine hawakuondoka tena. Jambo lililoanza kwa haja ya siku chache likawa desturi ya karne nyingi. Katika miaka ya 1850 serikali ya Ubelgiji ililichukua shauri hilo chini ya usimamizi wake, na mwaka 1862 hospitali ikajengwa ili mgonjwa akizidiwa awe na pa kutibiwa kabla ya kurudi kwa mwenyeji wake. Mwaka 1938 watu waliokaa hivyo na wenyeji walipita 3,700. Siku hizi wamepungua sana, hata hawafiki mia tatu, kwa kuwa dawa zimebadilika, familia zimekuwa ndogo, na mashamba yaliyokuwa na kazi kwa kila mkono yamepungua. Lakini desturi haijafa, na mwaka 2023, katika kikao kilichofanyika Kasane, Botswana, UNESCO iliiandika katika orodha yake ya mifano mema ya kuhifadhi urithi wa watu.

Mambo matatu ya Geel yatufaa sisi. La kwanza, mtu anayepokelewa huko haitwi mgonjwa. Huitwa kwa neno lenye maana ya mtu anayekula na kulala katika nyumba. Jina hilo humpa mahali mezani. La pili, mara nyingi mtu hukaa katika nyumba moja miaka mingi mno, hata wenyeji wakizeeka au wakifariki mtoto wao huendelea kumtunza. La tatu, nyuma ya kila nyumba iko hospitali, wako wauguzi wanaopita, na iko malipo kwa mwenyeji. Tusidanganyike kwamba Geel imesimama kwa huruma peke yake. Huruma ilianzisha, utaratibu ndio uliodumisha.

Katika Ufaransa utaratibu huo umeandikwa wazi zaidi. Sheria ya tarehe 10 Julai 1989 ilimruhusu mtu binafsi kumpokea nyumbani kwake, kwa malipo, mzee au mtu mzima mwenye ulemavu asiye jamaa yake wa karibu. Hawezi kuanza mpaka apewe idhini na wakuu wa wilaya yake, baada ya nyumba kutazamwa. Kwa kawaida hapokei zaidi ya watu watatu. Pande mbili hutia sahihi mkataba, na malipo huandikwa kwa mafungu: ujira wa kazi, nyongeza ikiwa mtu ana shida nyingi za kutazamwa, gharama ya chakula na matumizi, na kodi ya chumba. Kwa hiyo mwenyeji hawezi kusema hakulipwa kazi yake, wala mpokelewa hawezi kuambiwa kwamba anakula cha bure. Hata likizo ya mwenyeji imefikiriwa, maana mkataba hutaja ni nani atakayeshika nafasi yake.

Huko Marekani, jimbo la Oregon lina nyumba za namna hii zenye leseni, kila moja isiyopokea zaidi ya watu watano. Nayo idara inayowahudumia askari wa zamani wa nchi hiyo ilianza mpango wake mwaka 2000 katika mji wa Little Rock, ambamo askari wazee hukaa katika nyumba za watu, wasiozidi watatu kwa nyumba, na daktari na wauguzi huwafuata humohumo. Nchi hizo hazifanani, lakini zote zimeona faida ya kuweka mpaka wa idadi. Wema nao usizidi uwezo. Nyumba ya mtu ikijaa wapokelewa kumi na wawili, si nyumba tena. Imekuwa hosteli bila msimamizi.

Sasa turudi kwetu. Hatutaanza gizani, kwa kuwa msingi wa sheria tunao. Katiba ya mwaka 2010 yamhesabu kuwa mzee yule aliyefikia miaka 60, na katika kifungu cha 57 yasema kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Kifungu cha 54 chasema kwamba mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, na asiitwe kwa jina la kumdhalilisha. Tena mwaka 2008 Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 19 chamhifadhia mtu huyo haki ya kuchagua atakaa wapi, na atakaa na nani. Maneno hayo ya mwisho yafaa yaandikwe juu ya mlango wa kila nyumba itakayopokea.

Ama kwa upande wa fedha, mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulifunguliwa kwa wazee wote wa miaka 70 na zaidi, kwa kiwango cha shilingi 2,000 kwa mwezi, nao wako watu wenye ulemavu mkubwa ambao nyumba zao husaidiwa kwa njia iyo hiyo. Fedha hiyo ni msaada wa kweli, lakini kila aendaye sokoni ajua kwamba haitoshi kumlisha mtu mzima mwezi mzima, seuze sabuni, dawa na kodi. Na aliye kati ya miaka 60 na 70 huwa mzee kwa Katiba, lakini bado hajawa mzee kwa malipo. Kwa hiyo mwenyeji akiachwa peke yake, atachoka. Akichoka, atakayeumia si yeye.

Hapa ndipo ilipo hatari tunayotaka mkutano uitazame bila kuficha macho. Si kila mlango unaofunguliwa hufunguliwa kwa wema. Mtu aweza kumpokea mzee kwa ajili ya zile shilingi 2,000 tu, akishika kadi yake na simu yake. Aweza kumpokea mtu mwenye upungufu wa akili ili apate mchunga mbuzi asiyedai mshahara. Aweza kumfungia chumba cha nyuma wageni wanapokuja. Mambo haya hutendeka hata katika nyumba za ndugu wa damu. Hatuna sababu ya kudhani kwamba hayatatokea katika nyumba ya mgeni. Kwa sababu hiyo Halmashauri haitaki kuwaomba wanachama wafungue nyumba kwanza na masharti yafuate. Yatangulie masharti. Nayo ni saba.

Kwanza, mzee au mtu mwenye ulemavu mwenyewe aulizwe, na akubali. Azuru nyumba hiyo, ale humo, alale humo siku chache, kisha aulizwe tena, mwenyeji asipokuwapo. Akisema hapana, ni hapana. Asiyeweza kusema kwa kinywa, aulizwe na mtu anayezijua ishara zake.

Pili, awe na kitanda chake, na mahali pake pa kufungia vitu vyake kwa ufunguo. Mlango wake ugongwe kabla ya kufunguliwa. Choo kiwe karibu na kifikike usiku; penye ngazi ya kizingiti iwekwe njia ya mteremko, na ukutani itiwe fito ya kushikia.

Tatu, mapatano yaandikwe kwa lugha anayoielewa, yasomwe kwa sauti, na nakala moja iwekwe na Katibu. Fedha ya mzee ni ya mzee. Atakachotoa kwa chakula na chumba kijulikane, na kinachobaki kibaki mkononi mwake, hata kama ni cha tumbaku au sadaka. Kila shilingi iandikwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, juu ya kazi. Methali yetu yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtu mwenye miaka 80 tutampa jembe gani? Hata hivyo methali hiyo ina hekima, kwa kuwa mtu asiye na kazi yoyote katika nyumba hujiona mzigo. Apewe kazi anayoipenda na anayoiweza: kuchambua maharagwe, kuangalia kuku, kuwafundisha watoto ususi, kusuluhisha ugomvi wao. Lakini asiwe mtumishi. Kazi ikiwa ya kuleta faida, naye apate fungu lake.

Tano, mwenyeji afundishwe kabla ya kupokea. Asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, la sivyo ngozi yake itafanya vidonda, na vidonda hivyo vyaweza kumwua. Asiyeona, vyombo na viti visihamishwe pasipo kumwambia. Asiyesikia vizuri, azungumziwe uso kwa uso, tena polepole, si kwa kelele. Anayesahau, asibishwe wala asichekwe anapomwuliza marehemu mumewe yu wapi. Ashikwe mkono, aongozwe kwenye jambo jingine. Na kuoshwa, mwanamke aoshwe na mwanamke na mwanamume na mwanamume, ila kama yeye mwenyewe ametaka vingine.

Sita, nyumba izuriwe kila mwezi na watu wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, na mara nyingine bila taarifa. Wasikae sebuleni wakanywa chai wakaondoka. Wakitazame kitanda, wazitazame nguo, waisome daftari, na wazungumze na mpokelewa faraghani. Penye alama ya kipigo, au njaa, au hofu isiyoelezeka, mtu huyo aondolewe siku ile ile, na habari ipelekwe kwa chifu, polisi na ofisi ya ustawi wa jamii. Mpokelewa naye awe na namba ya simu ya mmoja wa wazuruji, na njia ya kuipiga.

Saba, mwenyeji apumzishwe. Chama kiwe na orodha ya nyumba za kushika zamu, ili mwenyeji akiugua, akisafiri msibani, au akichoka tu, mzee asibaki peke yake. Katika malezi ya mtu mzima uchovu ni adui mkubwa kuliko ubaya wa moyo. Watu wengi waliomkaripia mzee usiku wa manane walikuwa watu wema waliokosa usingizi.

Twajua kwamba ziko hoja za kupinga. Wako watakaosema kwamba tukiwalipa wenyeji tutakuwa tumeuza utu, kwa kuwa mababu zetu walipokea bila malipo. Ni kweli walipokea. Lakini walikuwa na shamba, na maziwa, na mikono mingi katika boma. Mama anayepanga chumba kimoja Eastleigh au Changamwe hununua hata maji kwa mtungi. Kumlipa gharama yake hakumwondolei wema. Humwezesha kudumu katika wema. Geel imelipa tangu zamani, na hakuna aliyewaita wenyeji wake wachuuzi.

Wako watakaosema kwamba tukianza hivi, watoto wavivu watawasukumia wazazi wao watu wa nje. Hoja hii ina uzito. Kwa hiyo kabla ya kumpokea yeyote, jamaa zake watafutwe na waitwe, na palipo na njia ya kuwapatanisha, patanisho litangulie. Wenye uwezo wachangie gharama, na majina yao yaandikwe katika mapatano. Lakini mzee asiadhibiwe kwa kosa la mwanawe. Hatuwezi kumwacha barazani ili mtoto apate kuona haya.

Wako pia watakaouliza, akifa katika nyumba ya watu, atazikwa wapi na nani? Swali hili ndilo linalowatisha wenyeji wengi kuliko chakula wala dawa. Twajibu kwamba mzee aulizwe mapema yeye mwenyewe, na matakwa yake yaandikwe katika yale mapatano. Na gharama iwe juu ya Chama, kama ilivyo kwa mwanachama yeyote. Katika jambo hilo, angalau, uzoefu hatukosi.

Bwana Mwenyekiti, haya ndiyo tunayouomba mkutano. Uyakubali masharti haya saba, au uyatengeneze pale yanapopungua. Umpe Mweka Hazina ruhusa ya kufungua ukurasa wa mchango wa matunzo, mbali na ule wa mazishi. Uchague wazuruji, waume kwa wake, wenye kifua cha kutunza siri na ulimi wa kusema kweli. Na mwisho, kila mwenye nafasi katika nyumba yake, na nafasi katika nyumba za watu wake wa ndani pia, ampe Katibu jina lake. Asitoe jina peke yake bila kushauriana na mkewe, au mumewe, au watoto wake, kwa kuwa nao ndio watakaoamka usiku. Hatutafuti nyumba nyingi. Mwaka huu zikipatikana tatu zilizo njema, na zikaendeshwa kwa haki mwaka mzima, tutakuwa na la kuwaonyesha wakuu wa kaunti na la kuwaombea wengine.

Nyumba zitakapopatikana, taarifa ya mwaka ujao haitawataja watu hawa kwa hesabu tu. Itasema wamekula wapi, wamelala wapi, na kama wenyewe wameridhika.

Kwa niaba ya Halmashauri, twaliacha shauri hili mikononi mwenu.